Niliyakubali Bila Kuyasoma

Hapa Kihunguro, upande ule wa Ruiru ambao huahidiwa lami kila uchaguzi, mtu hupata jina kwa njia zinazoeleweka: anunue gari, aanguke na gari, ama agombee kiti na ashindwe vibaya. Kagwe alipata lake kwa kupanga upya herufi mbili za Kiingereza, na jina lenyewe lilikuwa kubwa kuliko la mtu wa gari.

Kabla ya hapo alikuwa fundi tu, na fundi mzuri. Ana diploma ya elektroniki, na duka lake liko Thika mjini, nusu ya chumba. Nusu nyingine ni ya mkewe Wayua, mshonaji wa yunifomu za shule. Upande mmoja cherehani inalia, upande mwingine soldering gun ya kuchomelea waya inatoa moshi, na mteja mwenye haraka anaweza kumwachia Kagwe sweta na kumwachia Wayua redio.

Kilichomlisha Kagwe ni incubator, zile mashine za kuangulia vifaranga. Sanduku aliliunda mwenyewe, hita na feni alinunua. Lakini akili ya mashine ni microcontroller, kompyuta ndogo isiyozidi ukucha wa kidole, ambayo kazi yake maishani ni kuuliza joto limefika wapi, kisha iwashe hita ama iizime. Kidude hicho hakizaliwi na akili. Mtu hukiandikia programu kwenye laptop, halafu huipitisha kwa waya mpaka ndani. Na mpitishaji naye ni programu nyingine, inayoitwa Bobbin.

Bobbin ni programu huria, open source. Haiuzwi, na haina mwenyewe mmoja. Yeyote duniani anaweza kuigeuza ndani nje, aone mishono yake, na akileta kiraka kizuri kitashonewa humo na jina lake liandikwe miongoni mwa waliochangia. Wayua aliposikia jina la programu hiyo mara ya kwanza alicheka. "Bobini ya cherehani yangu haina watu mia wa kuilea na kazi inafanya," alisema.

Siku moja Kagwe akisoma maelezo ya Bobbin aliona neno "recieve". Mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa amemchapa kwa neno hilo hilo, kwa hivyo alilijua kwa mwili mzima. Akalirekebisha liwe "receive", akatuma. Msimamizi mkuu wa Bobbin, mwanamke aitwaye Maxine ambaye hakuna aliyejua anaishi wapi, akajibu kwa neno moja: "Thanks." Jina la Kagwe likaingia kwenye ukurasa wa waliochangia.

Angeishia hapo, tungekuwa bado tunamwita Fundi. Lakini aliweka WhatsApp status, kwa Kiingereza chenye suti, kwamba anaona fahari kuwa mchangiaji wa teknolojia huria ya kimataifa. Status hiyo ikaonwa na Wilkister.

Wilkister ni mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa wetu. Ana sauti ya kutangaza msiba na harusi kwa pumzi moja, na huamini kwamba mtaa bila mtu mashuhuri ni kambi tu ya wapangaji. Saa hiyo hiyo aliandika kwenye group: "Jirani yetu Engineer Kagwe AMECHANGIA ULIMWENGU. Tumpe makofi."

Sasa, neno kuchangia huku kwetu lina maana moja. Ni ile ya kikapu kupitishwa, na jina lako kusomwa kwa maikrofoni. Habari zilivuka mto zikafika Matuu kwa mama mkwe, mama yake Wayua, anayeitwa Kaveke, naye akapiga simu.

"Wayua, ati mume wako anachangia Wazungu?"

"Si pesa, mama. Anachangia maarifa."

"Huku kwetu maarifa tunayo," Kaveke akasema. "Tunachokosa ni mabati."

Chama cha wakazi kilimfanyia Kagwe sherehe kwenye ukumbi wa shule ya nasari, sisi wazee tukiwa tumekunja magoti kwenye viti vya watoto. Kulikuwa na cheti, kulikuwa na keki, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na mbuzi aliyeshughulikiwa tangu asubuhi. Wilkister alimtambulisha kama engineer wa kimataifa. Mzee mmoja akainua mkono, akauliza kwa nia safi, "Na alivumbua nini hasa?"

Kagwe alisimama, akarekebisha tai. "Niliboresha mawasiliano," akajibu.

Haukuwa uongo. Tulipiga makofi.

Wakirudi nyumbani, Wayua akiwa amebeba keki iliyobaki, akamwambia, "Herufi mbili, mbuzi mzima. Ukirekebisha sentensi watachinja ng'ombe?"

Lakini makofi yana pombe yake. Kagwe alianza kushinda kwenye mijadala ya Bobbin, na humo akakuta mambo aliyoyafahamu vizuri kutoka chama chetu cha wakazi. Watu walikuwa wakibishana kama kitufe kikuu cha programu kiandikwe "Load" au "Send". Kila upande ulikuwa umeandika kurasa. Mmoja alijiuzulu kwa uchungu, akaapa hatarudi, na Jumamosi alikuwa amerudi kueleza zaidi kwa nini hatarudi. Wakati huo huo wale waliofanya kazi yenyewe walikuwa wakipungua. Mmoja alipata mtoto. Mwingine aliajiriwa na kampuni isiyoruhusu mtu kufanya kitu cha bure. Maxine akatoa ombi refu: nani atasaidia kukagua mabadiliko yanayoletwa na watu? Kagwe alijibu "Mimi" kabla hajafika mwisho wa ombi.

Hivyo akafanywa mtunzaji wa Bobbin, yaani maintainer, mmoja kati ya wachache sana. Aliandika cheo hicho kwenye status, na Wilkister akakitafsiri alivyokielewa. Wiki hiyo Kagwe alipigiwa simu kuhusu valvu ya tangi la maji, geti lililokataa kufunga, na choo cha plot ya pili. "Si umesema uko maintenance?" watu walimuuliza.

Kazi halisi ya mtunzaji ni kusoma. Mtu aliye mbali analeta mabadiliko, nawe unayasoma mstari kwa mstari, unauliza maswali, ndipo unakubali ama unakataa. Na kusoma code ya mtu mwingine ni kama kufua nguo za ndani za jirani. Hata ukimpenda, kuna mambo hukutaka kuyajua. Kagwe alibuni njia yake. Aliangalia kama aliyeleta amesalimia vizuri. Aliangalia kama alama zote za pembeni, zile za majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, ni za kijani. Aliangalia kama kuna mwenzake aliyekwisha kubali. Vitu hivyo vikiwa sawa, aliandika "Looks good to me!" na kuongeza picha ya roketi. Alikubali mabadiliko akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa kwa kinyozi, na kanisani wakati wa matangazo. Wakati wa mahubiri hakukubali kitu, maana alimwogopa Mungu.

Kwa njia hiyo yalipita mabadiliko ambayo mtu mmoja alileta ili kuongeza kasi. Awali, Bobbin ikishamaliza kupitisha programu kwenye kile kidude, ilirudi kuisoma yote, kuhakikisha hakuna kilichopotea njiani. Mwenye kuleta mabadiliko aliona huko ni kupoteza muda. Pendekezo lake: isome mwanzo tu, na mwanzo ukiwa sawa, mwisho nao utakuwa sawa. Ni mtu ambaye ni wazi hajawahi kujengewa nyumba na fundi wa huku kwetu. Lakini alikuwa amesalimia vizuri, alama zilikuwa kijani, na watunzaji wawili walikuwa wamekwisha kubali. Kagwe akaongeza roketi yake.

Miezi ikapita, na hapo ndipo anaingia Mwalimu Waithira.

Mwalimu Waithira alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya upili mpaka alipostaafu, akanunua shamba Murera, akahamishia nidhamu yake yote kwa kuku. Kuku wake hupanga laini. Aliagiza incubator kubwa kwa Kagwe, kwa niaba yake na ya kikundi cha akina mama wa kanisa lao, kila mama alete mayai ya kienyeji na vifaranga vigawanywe. Kagwe aliipeleka mwenyewe, akaiunganisha, na kwa sababu alikuwa bado na harufu ya yule mbuzi wa sherehe akaongeza maneno.

"Mwalimu, programu iliyopakia akili ya hii mashine, mtunzaji wake ni mimi. Duniani kote."

"Wewe peke yako?"

"Mimi na wengine."

"Mashine ikinisumbua nampigia nani? Wewe ama wengine?"

"Mimi, Mwalimu."

"Sawa," akasema, na akaanza kupanga mayai.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, asubuhi, Kagwe akifungua duka Thika.

"Kagwe, habari ya asubuhi."

"Nzuri sana, Mwalimu! Mayai yanaendeleaje?"

"Njoo Murera. Na ukuje na chumvi."

Alienda. Chumvi hakubeba, akitumaini ni mzaha. Mwalimu Waithira alimkaribisha vizuri, akamketisha mezani, akamwekea sahani. Juu ya sahani kulikuwa na yai moja lililomenywa, jeupe, linang'aa.

"Onja."

"Mwalimu, nini imefanyika?"

"Onja kwanza."

Kagwe akaonja.

"Iko aje?"

"Imeiva," Kagwe akasema kwa sauti ndogo.

"Imeiva kiasi, ama imeiva kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu."

"Yote iko hivyo. Ya Mama Ciku, ya mke wa pasta, yangu. Hiyo mashine yako imetupikia breakfast ya kanisa zima. Sasa nielezee."

Kagwe akafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya akiwa bado na yai mdomoni. Alilaumu stima. Alisema pengine ilizidi nguvu.

"Taa zangu haziku-burn," Mwalimu akasema. "Redio inaongea. Fridge iko sawa. Hiyo stima ilikuwa inatafuta mayai peke yake?"

Akalaumu panya. Mwalimu Waithira akamwonyesha paka watatu. Akalaumu hali ya hewa ya Murera, na hapo Mwalimu akamtazama kwa ule utazamaji ambao, wanasema waliosomea kwake, uliwahi kumfanya kijana akiri kosa la darasa lingine. Kagwe akafungua mashine, akatoa ubongo wake, akaufunga kwenye gazeti. Alipofika getini Mwalimu alimwita.

"Akina mama watakutana Jumamosi. Nataka maelezo kwa maandishi, na uje uyasome wewe mwenyewe."

Kule dukani alianza kutafuta. Alifanya kitu ambacho Bobbin ilikuwa imeacha kufanya: alisoma tena kila kilichokuwa ndani ya kile kidude na kukilinganisha na programu aliyoiandika. Mwanzo ulikuwa sawa. Katikati, sawa. Mwisho haukuwako. Na pale mwisho ndipo alipokuwa ameandika maagizo ya usalama, kwamba joto likizidi kiasi, zima hita hata iweje. Kidude kilikuwa kimefika mahali pa kuyatafuta maagizo hayo, hakikukuta kitu, kikaganda hapo hapo, hita ikiwaka.

Akapakia upya kwa waya ule ule wa bei ya barabarani aliokuwa ametumia. Bobbin ikaandika kwa furaha: Tayari. Akaangalia, mwisho haukuwako. Akabadilisha waya, akapakia tena. Tayari, na safari hii programu ilikuwa yote. Waya mbaya ni kitu cha kawaida duniani. Kisichokuwa cha kawaida ni programu kumwona mgonjwa ametibiwa nusu na kusema amepona.

Basi Kagwe akaingia ndani ya Bobbin yenyewe, akapapasa mshono kwa mshono mpaka akafika palipokatwa. Kwenye programu huria kila kiraka kina kumbukumbu ya nani alikileta na nani alikikubali, na haifutiki. Akabonyeza aone ni mpumbavu gani alikubali kitu kama hiki. Picha zikajitokeza. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamume mwenye suti ya Jumapili, anatabasamu, na kando yake roketi.

Cherehani ikanyamaza. "Umepata shida iko wapi?" Wayua akauliza.

Kagwe akageuza laptop. Wayua akainama akaiangalia ile picha.

"Hiyo suti nilikushonea mimi," akasema. Kisha akaendelea kushona.

Usifikiri alikimbilia toba. Wazo la kwanza la Kagwe lilikuwa kurekebisha kimya kimya, akiite kiraka chake "maboresho", na dunia iendelee. Wazo la pili alipewa na Wilkister, ambaye tayari alikuwa amesikia habari za mayai, maana mke wa pasta ana simu. "Engineer," Wilkister alimwambia, "hapa lazima tuwe waangalifu. Wewe ni brand ya mtaa. Ukiandika mambo ya makosa kwa internet, Kihunguro itaonekana aje? Andika kulikuwa na changamoto za kiufundi. Changamoto hata serikali inazo."

Kwa hivyo maelezo aliyoyapeleka Murera Ijumaa, ili Mwalimu ayaone kabla ya mkutano, yalianza hivi: "Ilibainika kwamba, kutokana na changamoto za kiufundi, mabadiliko fulani yalikubaliwa, na hivyo hali ya joto ikaathiriwa, na mayai yakapatwa na madhara."

Mwalimu Waithira akavaa miwani. Akatoa kalamu nyekundu kwenye kikombe. Kustaafu hakukuwa kumemtenganisha nayo.

"Ilibainika. Nani alibainisha?"

"Mimi."

"Yalikubaliwa. Na nani?"

Kagwe akaangalia paka.

"Nauliza kwa sababu sioni mtu hapa. Hali iliathiriwa, mayai yakapatwa. Sentensi yako haina mtu ndani, Kagwe. Mayai yangu yalipikwa na sentensi isiyo na mtu?"

"Mwalimu, ni lugha tu ya kiofisi."

"Najua ni ya kiofisi. Nimekaa ofisini maisha yangu yote. Nimesoma ripoti za pesa zilizopotea zenyewe, madirisha yaliyovunjika yenyewe na wasichana waliopata mimba bila mtu yeyote kuwa karibu. Andika upya. Weka mtu."

Akamsogezea karatasi safi. Kagwe aliketi pale mezani kama mwanafunzi aliyebakishwa baada ya wengine kwenda nyumbani. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Nje kuku walikuwa wakila kwa utaratibu. Mwishowe akaandika: "Mtu alileta mabadiliko mabaya kwenye Bobbin. Mimi, Kagwe, nilikuwa na kazi ya kuyakagua. Niliyakubali bila kuyasoma."

Mwalimu akaipiga tiki, na kando yake akaandika, kwa mazoea, "Juhudi nzuri."

"Na ile Kizungu yako ya kupelekea wenzako wa Bobbin," akasema, "uiandike hivyo hivyo."

Jumamosi aliisoma karatasi hiyo mbele ya akina mama. Alisimama chini ya mabati ya banda la kuku. Alipomaliza, Mama Ciku, jirani wa Mwalimu, akauliza, "Kwa hivyo wewe ulikuwa unasoma nini?"

"Salamu tu, Mama Ciku."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita kiti hadi kiti. Mke wa pasta alisema hata yeye hukubali mambo kwa simu kila siku bila kusoma, huenda ameshauza figo na hajui. Hawakumsamehe hapo hapo. Walimwambia alete mayai mengine, ya kienyeji, si yale ya trei, na mashine isiwashwe mpaka Mwalimu Waithira aridhike. Lakini walimpa chai.

Jioni ile ile aliweka maelezo yake kwenye ukurasa wa Bobbin, kwa Kiingereza, na mtu ndani ya kila sentensi. Kisha akangoja kufukuzwa. Alikuwa hata amefikiria atakavyomweleza Wilkister.

Wa kwanza kujibu alikuwa Maxine. "Hata mimi sikuyasoma," aliandika. "Nilikubali wa kwanza, nikadhani nyinyi mtasoma." Mtunzaji wa tatu akaandika kwamba yeye alikubali kwa sababu aliona jina la Maxine. Halafu akaja yule aliyeleta mabadiliko yenyewe, kijana wa mbali anayesomea mambo mengine kabisa. Alisema kwamba alishangaa sana yalipokubaliwa haraka vile. Alikuwa na wasiwasi nayo na alitegemea kuulizwa. "Nilidhani nyinyi ndio mnajua," aliandika.

Baada ya hapo wakajitokeza wengine, mmoja mmoja. Kulikuwa na mkulima ambaye pampu yake ilikuwa ikimwagilia barabara, na mtu ambaye geti lake la umeme lilifunguka na kukataa kufunga. Wote kwa miezi walikuwa wamelaumu waya, umeme na panya. Hakuna aliyekuwa ameishuku Bobbin, kwa sababu Bobbin ilisema Tayari.

Kurekebisha kulikuwa kazi kuliko kukiri. Kagwe aliandika kiraka cha kuifanya Bobbin isome tena programu yote, mwanzo hadi mwisho, na ikikosa kipande iseme hivyo bila aibu. Papo hapo wakatokea watu wa kulalamika kwamba sasa inachukua muda. Mmoja aliuliza kama haiwezekani kusoma nusu, kama maelewano. Maxine akawanyamazisha kwa kumwomba Kagwe ushahidi: aonyeshe kiraka kikifanya kazi kwenye mashine halisi, si mezani.

Ndipo akarudi Murera na simu yake kurekodi video. Alipakia programu kwa waya mbaya. Bobbin ikakataa, ikasema mwisho umepotea. Akapakia kwa waya mzuri, ikakubali. Kisha akaipasha mashine joto kupita kiasi kwa makusudi, ikiwa tupu, kuona kama hita itazima. Mwalimu Waithira alisimama kando ya kipimajoto akisoma namba kwa sauti ya imla, akirudia kila moja ili wa nyuma wasikie. Hita ikazima. "Imezima," akatangaza. "Andikeni."

Maxine aliitazama video akauliza mambo kadhaa ya kiufundi, na mwishoni akauliza, yule mama ni nani.

Kagwe alimsomea Mwalimu. Mwalimu naye akauliza, "Na yeye ni nani? Anatoka wapi?"

"Sijui."

"Umefanya kazi na mtu muda wote huu na hujui kwao? Hujui hata kama ana watoto?"

"Mwalimu, huko mtu haulizwi mambo kama hayo."

"Muulize."

Akamuuliza. Jibu lilikawia, kiasi kwamba Kagwe akadhani ameudhi. Lilipokuja lilikuwa refu kuliko kitu chochote Maxine alichowahi kuandika. Alisema anaishi mji mdogo wenye theluji, anaendesha basi la shule asubuhi na alasiri, na kati ya safari ndipo huketi kwenye meza ya jikoni kuishughulikia Bobbin. Mama yake alifuga bata bukini. Alisema miaka yote hii watu wamemwandikia kumwomba, kumlaumu na kumharakisha, na hakukumbuka mwingine aliyewahi kumuuliza anatoka wapi.

Mwalimu Waithira alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nimesema pole na kazi," akasema. Kagwe alihangaika kutafsiri hiyo. Kiingereza hakina pole na kazi. Akaiandika ilivyo, akaeleza chini yake, na tangu hapo Maxine huitumia, wakati mwingine mahali pasipofaa.

Kiraka kilikubaliwa baada ya kusomwa na watu watatu, wakauliza maswali mpaka Kagwe akatamani mmoja awe mvivu. Kwenye tangazo la toleo jipya kilipewa mstari mmoja katikati ya mistari mingine. Kihunguro hakuna aliyechinja kitu. Kagwe alimweleza Wilkister kwamba hii sasa ndiyo kazi, kwamba mashine za watu nchi nyingi zilikuwa hatarini. Wilkister akasema, "Lakini hiyo si ni kosa lako mwenyewe ulirudi kurekebisha? Hatuwezi kukusanya watu kwa hiyo." Cheti cha "receive" kingali ukutani kwenye ukumbi wa nasari.

Kule Murera mayai mapya yaliingia, na siku zake zilipotimia mengi yakaanguliwa. Mama Ciku alidai vifaranga vyake vinafanana na Kagwe, vinaonekana kama vina hatia.

Kilichobadilika kabisa ni tabia yake. Sasa Kagwe husoma. Mabadiliko ya Bobbin huyasoma yote na kuuliza kwa nini, na watu wa mbali humlalamikia kwa Maxine kwamba anachelewesha. Nyumbani husoma karatasi ya unga na masharti ya kadi za simu. Wayua anasema kuishi naye ni kama kuishi na mkaguzi wa hesabu.

Na mwezi uliopita, Jumapili alasiri, Wilkister aliitisha mkutano mkuu wa wakazi. Alileta katiba ya chama iliyofanyiwa marekebisho, kurasa zimebanwa pini, tuitie sahihi twende, maana kulikuwa na mpira. Karatasi ilikwenda mkono hadi mkono, kila mtu akiweka jina lake chini ya jina la mwenzake. Ilipofika kwa Kagwe ikasimama.

"Engineer, weka tu sahihi," Wilkister akasema. "Wenzako wote wameweka."

"Naona wameweka," Kagwe akasema. "Ndiyo sababu nasoma."

Watu wakaguna. Mmoja akatazama saa, mwingine akasema ndiyo ubaya wa kumpa mtu cheti. Kagwe akaendelea, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wa ndani ambapo palikuwa pameandikwa kwamba mwenyekiti atahudumu mpaka atakapohisi kuchoka. Akakisoma kipengele hicho kwa sauti, akauliza nani alikikubali. Sahihi zetu zilikuwa pale, ya kwangu ikiwa ya tatu.

Wilkister alisema ilikuwa changamoto ya uchapishaji. Kipengele kikafutwa, ikakubaliwa kuwe na uchaguzi, na tulifika nyumbani mpira umekwisha, jambo ambalo wengi hawajamsamehe Kagwe. Uchaguzi ni mwezi ujao. Kufikia sasa aliyejitokeza kugombea ni Wilkister peke yake, kwa sababu tulipoulizwa nani mwingine anaitaka kazi hiyo, kila mtu alimtazama jirani yake.